Ndevu za Upande Mmoja

Kinyozi mmoja alikuwa msemaji kiasi kwamba wateja walisinzia kitini, wakaamka, wakamkuta bado yumo kwenye kisa kilekile. Ndiyo maana asubuhi ile, alipokuwa akimnyoa baba yake nyumbani, kwenye kiti ambacho mzee alizoea kulalia kwa sababu ya kifua, ule ukimya haukumshtua. Shingo ilikuwa ngumu kuigeuza. Akaona ni ukaidi wa siku zote. Shavu lilikuwa la baridi. Akalifunika taulo la moto.

Upande mmoja ulikuwa umekwisha wembe ulipoteleza chini ya kidevu. Ngozi ikafunguka. Damu haikutoka.

Akakatiza kisa. Akasikiliza pumzi, akashika mkono, akaita. Kisha akautazama wembe, akajiambia: nimemuua baba.

Akampigia simu dada yake mkubwa. Dada, ambaye hata akilia hutoa amri, alimwambia asimsogeze, asimwoshe, asiguse kitu. Daktari wa zahanati aje kwanza athibitishe, na kituo cha polisi kiarifiwe. Kusikia polisi, kinyozi akataka kuusuuza wembe. Akaurudisha. Akaushika tena. Akakizunguka kile kiti kama kuku aliyeibiwa mayai, huku povu la shavu la pili likikauka.

Askari alifika pamoja na daktari. Akaangalia shingo, akaangalia wembe.

"Nani alikuwa naye mwisho?"

"Mimi."

"Mligombana?"

"Nilikuwa namsimulia tu, afande."

Daktari alijaribu taya, vidole, magoti, kisha akakifunua kile kidonda. Kinyozi akajishikiza ukutani.

"Mzee amefia usingizini, kabla hakujapambazuka," daktari alisema. "Kifua kilishamchosha, nimemtibu mwenyewe. Wewe umemkata mtu aliyekwisha kwenda."

"Kwa hiyo hakusikia hata neno?"

"Hata moja, ndugu yangu."

Askari akageukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Dada aliingia huku khanga imemponyoka begani. Akamtazama baba yao, shavu moja laini, jingine lina povu kavu. Akauliza kama sasa ni ruhusa kumgusa. Daktari akaitikia.

"Basi mmalizie," akamwambia mdogo wake. "Hivi hatoki nje."

Kinyozi akapaka povu jipya, lakini mara mbili akauinua wembe, akaushusha. Dada akamshika kiwiko, wakamnyoa wote wawili.

"Taratibu," dada alisema. "Usimkate tena."