Mzee Asukile na Gata Lililoota Majani

Miaka ile ya ruksa, mabati yalipoanza kupatikana madukani Tukuyu bila kibali wala kujuana na mtu, Mzee Asukile wa Makandana aling'oa nyasi za paa lake, akaezeka bati jipya, na juu ya hayo akafunga gata la kukingia maji ya mvua kuzunguka nyumba nzima. Upande ule hakuna aliyekuwa nalo. Mvua ikinyesha alitoka kibarazani na kiti chake, akasikiliza maji yakishuka kwenye pipa, akatabasamu kama anayesikiliza kwaya.

Esnath, mke wa Ambilikile, kitinda mimba wa mzee, aliyaona hayo kwa mbali tu. Nyumba yao ilikuwa ng'ambo ya uwanja, lakini kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana hakutani na baba mkwe wake uso kwa uso. Mzee akikohoa njiani, Esnath aliingia migombani na ndoo yake kichwani. Tangu aolewe hawakuwahi kusemezana hata neno moja. Wenzake wengi kanisani walikwisha kuyaacha hayo, ila Mzee Asukile alisema, "Kristo hakuja kutuondolea adabu," na mazungumzo yakaishia hapo.

Basi ni Esnath aliyeliona tatizo kwanza. Nyuma ya nyumba ya mzee kulikuwa na mparachichi mkubwa, na majani yake yote yaliangukia kwenye gata. Yakaoza, yakawa udongo, udongo ukaota nyasi. Mvua ilipokuja maji hayakwenda tena kwenye pipa. Yalifurika pembeni, yakashuka na ukuta, na ukuta ule ulikuwa wa tofali mbichi zilizopigwa lipu na chokaa. Baba yake Esnath alikuwa fundi mwashi huko Suma. Kila mwezi aliwapandisha watoto wake juu kuzoa majani, akiwaambia kwamba nyumba huliwa kuanzia ukingoni mwa paa.

Akamwambia mama mkwe wake, Elina. Elina akamwambia mumewe. Jibu likarudi: "Gata ni la bati. Bati haliugui."

Akamwambia Ambilikile. Ambilikile akaahidi kulisafisha Jumapili, lakini kiwanda cha chai alikofanya kazi kilikuwa na majani mengi msimu ule, na Jumapili zikapita. Lipu ya pembeni ikaanza kuvimba kama andazi.

Mchana mmoja wa Aprili, Elina akiwa sokoni, mvua ilishuka kama iliyomwagwa kwa karai. Esnath alichungulia mlangoni kwake akaona pande la lipu likibanduka na kuanguka, na tofali nyuma yake zikichuruzika matope. Ndani, nyuma ya ukuta huohuo, ndipo kilipokuwa kitanda cha mzee, na saa ile alikuwa amelala. Redio yake ilikuwa ikipiga nyimbo kwa sauti kubwa.

Jina la baba mkwe halitamkwi. Esnath alichukua sufuria na mwiko, akaligonga uwanjani kama kengele ya moto. Mzee hakuamka. Alisogea hadi dirishani, akagonga tena. Redio ikazidi kuimba.

"Ee Mungu," alisema, "unisamehe, au wanisamehe wakwe zangu."

Alibeba ngazi, akaiegemeza, akapanda na kanga yake imefungwa kiunoni. Akazoa kwa mikono miwili: majani meusi, matope, kiota kikuukuu, na mche wa parachichi uliokwisha kushika mizizi humo. Alipoung'oa, maji yaliguna, yakasita kidogo, kisha yakakimbia kwa kishindo hadi kwenye pipa. Ukutani yakakoma kumwagika. Esnath alicheka peke yake pale juu, matope mpaka kwenye nyusi.

Tope alilotupa ndilo lililomwamsha mzee, kwa kuwa lilitua dirishani mwake. Akatoka mbio, akainua macho, na macho yao yakakutana.

Esnath alitaka kuruka upande wa pili.

"Usiruke!" mzee alipaza sauti. "Utavunjika! Ngazi inateleza, ngoja niishike!"

Akaishika kwa mikono miwili, kisha akakumbuka adabu, akafumba macho kabisa. "Shuka sasa. Sikuoni. Polepole."

Hivyo ndivyo Elina alivyowakuta alipoingia uwanjani na kikapu chake: mumewe amelowa chapachapa, amefumba macho kama anayeomba, na mkwewe yuko juu amekumbatia mche wa parachichi. Elina aliweka kikapu chini. Alicheka mpaka akakaa juu ya tope.

"Fumbua macho, baba wee! Umeshamwona, na yeye amekuona, na mbingu haijaanguka. Ukuta ndio ulikuwa unaanguka!"

Mzee alifumbua jicho moja. Akaenda ukutani, akabonyeza tofali kwa kidole, na kidole kikazama chote. Upande wa pili wa tofali hilo palikuwa na mto wake wa kulalia. Mvua ikimpiga kichwani, alimgeukia Esnath, ambaye sasa alikuwa ameshuka.

"Ndaga fijo, mwanangu," alisema, akimtazama sawasawa. "Asante sana."

"Ndaga, baba," alijibu Esnath.

Jioni mzee alichinja jogoo kwa mkono wake, akawaita wote meza moja. Ambilikile aliporudi kutoka kazini alidhani ameingia nyumba ya watu. Walikula ndizi na kuku, na mzee, aliyekwisha kuanza kuongea na mkwewe, hakunyamaza tena.

"Kesho tutaweka tofali za kuchoma pale pembeni," alisema. "Na gata hili, kila mwezi nitalisafisha mimi."

"Wewe magoti yako yanalia ukipanda kitanda," alisema Elina.

"Basi tutashirikiana."

"Baba," alisema Esnath, na meza nzima ikageuka kumsikiliza, "na mparachichi tupunguze matawi."

"Mparachichi wangu?" Mzee aliweka mfupa chini. Akamtazama kwa ukali, akaona mkwewe hashushi macho, akaangua kicheko. "Haya. Lakini tawi la kivuli changu msiliguse!"

Na wakabishana juu ya tawi hilo mpaka chai ikapoa.