Chumvi Ukutani

Mwenyekiti wa chama cha wenye migahawa aliingia jikoni kwetu na karatasi zake za kupinga muswada wakati namenya vitunguu, na mpaka leo sijui yale machozi yalikuwa ya vitunguu au ya hasira. Mtu huyu haijui hodi. Anaingia, anafunua sufuria ya watu, anadokoa nyama kwa vidole, halafu ndiyo anaanza kuhubiri haki.

"Mama, umesikia wanachotaka kutufanyia?" alimwambia mama mkwe wangu huku akitafuna. "Kila pakiti dukani iandikwe chumvi, sukari na mafuta yaliyomo. Hiyo sawa, wenye viwanda wana mashine zao. Lakini na sisi! Tubandike ukutani kwamba supu ina chumvi kiasi hiki, wali una mafuta kiasi hiki. Sisi ni wapishi au wafamasia?"

"Wanataka kunipima mkono?" Mama aliuliza.

"Ndiyo hivyo, Mama. Mkono wako wanataka kuupima."

"Waje." Aligonga upawa kwenye ukingo wa sufuria. "Waje na mizani yao, watarudi nayo shingoni."

Mwenyekiti alicheka mpaka akapaliwa. Hicho ndicho alichokifuata. Mtaa mzima unamwita mama mkwe wangu Mama Mkono, na mgahawa wetu ni Kwa Mama Mkono, kwa sababu hajawahi kupima kitu tangu aanze kupika. Chumvi anaimwaga kutoka kiganjani, anaonja, anafumba jicho moja, anaongeza. Kijiko, kwake, ni cha kunywea dawa. Mwenyekiti alijua kwamba Mama Mkono akisimama mbele ya wabunge wanaokusanya maoni na kuukataa muswada, ukumbi wote utapiga makofi. Wakakubaliana kwamba siku ya Jumamosi wenye migahawa wote waje kula kwetu, watie sahihi, na Mama awe msemaji wao.

Mimi niliendelea kumenya vitunguu, ingawa nilikuwa na la kusema. 

Jambo lenyewe lilikuwa hili: mkono wa Mama ulikuwa umeharibika. Tangu mwaka juzi ulimi wake ulianza kupoteza chumvi. Alikuwa anaonja supu kali ya kukunja uso, halafu anasema, "Mbona imepooza hii?" na kuongeza kiganja kingine. Nani angemwambia? Kumwambia Mama Mkono kwamba hajui tena kuonja ni sawa na kumwambia padri kwamba hajui kusali. Basi mimi nikajitafutia njia yangu. Akitoka kwenda kusalimia wateja, namimina jagi la maji ndani ya sufuria, nakoroga, narudi kwenye vitunguu vyangu na uso wa mtakatifu.

Nilidhani niko peke yangu. Siku moja nilirudi jikoni ghafla nikamkuta wifi yangu, dada wa mume wangu, anatumbukiza viazi vibichi kwenye supu huku akichungulia mlango kama mwizi wa kuku.

"Unafanya nini?" nikamwuliza.

"Vinanyonya chumvi," alisema kwa aibu. "Nafanya kila siku. Usimwambie mama."

"Na mimi natia maji kila siku!"

Tulitazamana. Tukacheka, tukashikana mabega kwa kicheko, mpaka akili ikatuingia. Mimi natia maji, yeye anatia viazi, Mama anarudi, anaonja, anaona imepooza, anatia chumvi. Natia maji tena. Anatia chumvi tena. Tulikuwa tunashindana na mtu asiyejua kwamba kuna mashindano, na kila tulipomficha, yeye alizidisha. Kicheko kikakatika hapo hapo.

Maana dirishani, kwenye meza ya pembeni, kila mchana anakaa baba mkwe wangu. Zamani alikuwa fundi cherehani, na nusu ya suti za harusi za mtaa huu alizishona yeye. Halafu presha ikampiga kiharusi. Mdomo ulirudi mahali pake, mkono wa kulia haukurudi. Nesi wa kliniki alituambia sote, Mama akiwepo, kwamba chumvi iwe kidogo sana, na kwamba kiharusi cha pili huwa hakibishi hodi. Mama aliapa. Tangu siku ile hajaweka kichupa cha chumvi kwenye meza ya mumewe. Lakini bakuli la supu analomletea linatoka sufuria ile ile.

Na presha ya Baba haikushuka. Dawa zilibadilishwa, haikushuka. Mama alisema dawa za siku hizi ni chaki.

Baada ya Mwenyekiti kuondoka na karatasi zake, nilifanya kile ambacho Mama aliapa kwamba wabunge hawatakifanya: niliupima mkono wake. Nilichukua pakiti mpya ya chumvi, nikaipima kwenye mizani ya unga asubuhi, na supu ilipokwisha nikapima iliyobaki. Nikagawa kwa idadi ya mabakuli. Nikarudia hesabu kwa sababu sikuamini. Bakuli moja la supu yetu lilikuwa na chumvi nyingi kuliko ile nesi aliyomruhusu Baba kwa siku nzima. Na Baba hula, halafu huongezewa, kwa upendo.

Nilimwambia mume wangu. Alikuwa chini ya gari la mtu pale gereji, miguu tu ndiyo inaonekana, na niliongea na ile miguu.

"Mwache mama," sauti ilisema kutoka chini. "Ukimwambia mkono wake umekwisha, umemuua."

"Na tusipomwambia tunamuua baba yako."

Miguu ikasema, "Subiri basi mambo ya muswada yapite."

Hapo ndipo nilipochemka. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa anasubiri kitu. Wifi anasubiri kaka yake aseme, kaka yake anasubiri muswada upite, Mwenyekiti anasubiri usipite, na Baba anakula. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tunaficha maradhi ya watu wawili kwa mpigo. Nikasema liwalo na liwe.

Jumamosi, kabla meza hazijajaa, niliuteremsha ubao wa menyu, nikaufuta wote, nikauandika upya kwa chaki. Wali, maharage, nyama ya kukaanga, kila kimoja na chumvi yake na mafuta yake, kadiri nilivyoweza kupima. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi za kusomwa na mtu aliye ng'ambo ya barabara, niliandika: SUPU. BAKULI MOJA LINA CHUMVI NYINGI KULIKO ANAYOTAKIWA KULA MGONJWA WA PRESHA SIKU NZIMA. Nikautundika. Nikahakikisha umenyooka.

Wenye migahawa waliingia kwa kelele, wakakaa, na mmoja mmoja wakaanza kuusoma ubao. Mwenyekiti alisoma ubao akiwa bado amesimama.

"Nani ameandika upuuzi huu?"

"Mimi," nikasema.

"Binti, sheria bado haijapita!"

"Na baba mkwe wangu bado hajafa," nikamjibu. "Nimeona niwahi."

Mama alitoka jikoni na bakuli la Baba mkononi. Alikuwa amevaa kitenge chake kipya, cha kuhutubia. Alisoma ubao polepole, midomo ikicheza, kisha akanigeukia. Mwanamke huyu alinipokea nikiwa sijui kuwasha jiko. Alinifunga khanga kiunoni yeye mwenyewe nilipojifungua.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Ulimi wako hausikii chumvi, Mama. Mwaka wa pili sasa. Mimi natia maji kwa siri, wifi anatia viazi kwa siri. Kila mtu anajua."

"Mwongo!"

"Niulize mimi, mama," wifi alisema mlangoni, sauti ndogo kabisa, lakini aliisema. Ninampenda kwa hilo mpaka kesho.

Mama hakumtazama. Alikwenda mpaka meza ya dirishani, akaweka bakuli mbele ya mumewe kwa kishindo, supu ikaruka. "Mzee wangu, waambie hawa watoto. Onja uwaambie."

Baba alitazama bakuli. Alitazama ubao. Halafu akalisogeza bakuli pembeni kwa mkono wake wa kushoto, ule mzima.

"Leo sili," alisema.

Ukumbi mzima ulisikia. Mwenyekiti akaona mwanya wake, akauendea ubao. "Mama, ngoja nikuondolee aibu hii. Huyu mkwe wako tutamshughulikia."

"Uguse uone!" Mama alinguruma bila hata kugeuka. "Huo ukuta wangu. Mkwe wangu nitamgombeza mwenyewe, na nitamgombeza haswa, wewe hayakuhusu. Kaa chini. Na jina langu ulitoe kwenye makaratasi yako, sijamaliza kuzungumza na mume wangu."

Mwenyekiti alikaa. Sikuwahi kumwona akikaa bila kupewa chakula.

Mama akavuta kiti, akaketi mbele ya Baba. Saa ya chakula cha mchana, mgahawa umejaa, Mama Mkono amekaa. Hata wanaotuoshea vyombo walitoka jikoni kuangalia.

"Ulijua?" akamwuliza.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ilipoanza."

"Na ukala?"

"Ulipika wewe," Baba alisema.

"Kila siku unaniambia mkono wangu haujazeeka. Kila siku! Kumbe ulikuwa unasifia nini?"

"Nilikuwa nakusifia wewe." Mzee wa watu alisema hivyo mbele ya chama kizima cha wenye migahawa, bila hata kushusha macho. "Chakula kilinishinda zamani. Niliona nikikwambia, utaacha kupika. Na ukiacha kupika utakufa."

"Kwa hiyo ukaamua utangulie?"

Baba alitaka kucheka, akaona uso wa Mama, akaacha. Mama alikuwa analia waziwazi, machozi yanateremka na hayafuti, na bado alikuwa amekasirika. Katika familia ile watu hulia hivyo.

"Mimi nilikuwa nakupikia upone," alisema. "Na ukishakufa, mjinga wewe, nani atakayenisifia?"

Baba alinyoosha ule mkono wa kushoto, Mama akaupiga kofi, kisha akaushika.

Alipoinuka, hakumtazama yeyote. Aliingia jikoni, akatoka ameibeba sufuria ya supu nzima, nzito, ya moto, wifi anamkimbilia na vitambaa vya kushikia, akapita nayo katikati ya meza mpaka nje na kuimwaga mtaroni mbele ya macho ya watu wenye njaa. Alirudi na sufuria tupu, akasimama chini ya ubao wangu.

"Supu napika upya," alitangaza. "Huyu mkwe wangu mwenye kiburi ndiye atakayetia chumvi, kwa kijiko, na itakavyokuwa ndivyo itakavyoandikwa. Wabunge wakipenda waje, wasipopenda wasije. Anayeweza kusubiri asubiri. Asiyeweza, kwa Mwenyekiti kuna supu."

Wawili waliinuka wakaondoka. Waende salama.