Turubai la Tshimanga

Kolwezi, mji wa migodi wa Katanga, ukizungushia turubai nyuma ya nyumba yako, usijisumbue kueleza. Watu wameshajua. Ndani kuna shimo, shimoni kuna kobalti, na wewe ni mchoyo. Nusu ya mji imechimbwa namna hiyo. Mtu anavunja sakafu ya chumba chake cha kulala, au anafunika kona ya lupango lake, kiwanja cha nyumba yake, anashuka na patasi na tochi ya kichwani, huku mkewe amekaa mlangoni anachambua mboga kana kwamba hakuna lolote. Shemasi mmoja wa mtaa wa Manika aliwahi kuzungushia turubai choo chake kilichobomoka, na kabla ya Jumapili watu walikuwa wamempigia hodi kuomba ubia.

Kwa hiyo Tshimanga alipozungusha turubai la rangi ya chungwa nyuma ya nyumba yake, akaezeka juu kwa plastiki nyeupe inayopitisha jua, hakuna aliyeuliza. Na yeye, mzee mzima mwenye akili zake, karani mstaafu, akaona hiyo ni bahati.

Chini ya turubai hakukuwa na shimo. Kulikuwa na diamba, bangi ile ile inayopeleka watu jela, imepandwa kwa mistari kama nyanya za Wazungu alizowahi kuziona zamani kwenye kambi ya mgodi.

Tshimanga hakuwahi kuvuta hata sigara. Diamba ilikuwa ya Kapinga, mkewe. Saratani ilimwanzia kwenye titi, wakalikata, ikahamia kwenye uti wa mgongo. Hospitali ikamrudisha nyumbani na vidonge vya kuumwa kichwa, na daktari akamwambia Tshimanga kwa sauti ya chini kwamba dawa ya maumivu makali haipo, na ikija haikai. Kapinga akaanza kulia. Hakulia kama watu wanavyolia. Ilikuwa sauti nyembamba isiyokatika, inayoanza alfajiri na kuingia katika kila chumba, na Tshimanga alikuwa akienda kusimama barabarani ili asiisikie, kisha anaona haya na kurudi.

Mukalay, muuza makaa wa Mutshatsha, ndiye aliyemletea diamba ya kwanza ndani ya gunia la makaa. Tshimanga aliichemsha kwenye maziwa. Kapinga alikunywa, akalala, na alipoamka aliomba bukari na sombe. Aliomba chakula! Tshimanga alisonga bukari mwenyewe huku machozi yanamtoka. Lakini Mukalay akakamatwa kwenye treni na magunia yake, na hakuna aliyemwona tena. Kwenye karatasi zilizofungia diamba zilibaki mbegu tu.

Mtu angeweza kumwambia jirani. Nyumba ya pili waliishi Nkulu, mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi, mtu wa kaskazini ya Katanga, na mkewe Ernestine, ambaye kila asubuhi alivuka ua kuja kumwogesha Kapinga na kumkanda mgongo, bila kuombwa, bila kusema kwamba amechoka. Lakini Tshimanga alikuwa Mkasai, na alikuwa kijana Wakasai walipofukuzwa Katanga. Alilala na wazazi wake kituoni akingoja treni isiyofika, na majirani wa jana walipita wakitazama upande mwingine. Alirudi, akapata kazi, akajenga, akazeeka hapa hapa, ila alijiwekea sheria moja. Jirani msalimie, mzike, lakini usimpe neno analoweza kukufungia. Wahenga walishasema mficha maradhi kilio kitamfichua. Tshimanga aliijua methali hiyo, na aliamini inawahusu wengine.

Basi mbegu zikaota. Miche ikapanda hadi magotini, hadi kiunoni. Likaja joto la mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanguka, na chini ya plastiki ile palikuwa jiko. Majani yalijikunja yakakauka pembeni. Tshimanga alipandisha turubai kidogo upande wa ukuta ili upepo upite, akatundika magunia yaliyolowa, akamwaga maji. Asubuhi maji, mchana maji, jioni maji. Alibeba bidoni baada ya bidoni kutoka bombani, mgongo umepinda, na udongo ule mwekundu ulikunywa bila kushiba.

Mtaa ulimtazama ukatikisa kichwa. Maji yote yale? Yale ni ya kuoshea madini, hakuna jingine. Na mimea ilipotoa maua, harufu ikaruka ukuta, mtaa ukacheka: wachimbaji wa mzee wanavuta, wanatafuta moyo wa kushuka. Yaani uvumi ulimfunika vizuri kuliko turubai lenyewe.

Siku moja Nkulu alimwita juu ya ua, akitabasamu kwa meno yote.

"Tata Tshimanga, filoni yako inaelekea wapi?"

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Neno moja tu lingetosha: hakuna filoni, hakuna mshipa wowote wa madini. Lakini angeulizwa, kama si filoni, ni nini? Uvumi wa kobalti haumfungi mtu. Wa diamba unamfunga. Tshimanga akacheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye siri tamu.

"Mungu njo anajua, Tata Nkulu."

"Haina mubaya," Nkulu alisema. "Udongo ni ya Mungu, batu bote batakula."

Tangu siku hiyo Nkulu hakuenda tena Mutoshi. Wala Tshimanga hakujiuliza kwa nini, mpaka mchana ule alipopiga magoti aking'oa magugu, akasikia kitu chini yake. Ko. Ko. Ko. Aliweka kiganja kwenye udongo uliolowa, na pigo lilimfikia mkononi.

Alielewa papo hapo. Nkulu amevunja sakafu ya chumba chake, ameshuka, na sasa anakuja huku kwa njia ya chini, anafuata utajiri ambao haupo. Anakuja chini ya udongo ambao Tshimanga ameumwagilia miezi yote hii.

Mtu angetamani kumshika kola mzee huyu na kumsukuma hadi kwa jirani. Ua ulikuwa hatua chache tu. Naye aliinuka kweli, akafika uani, akamwona Ernestine anaanika nguo, akafungua mdomo. Wakati huo huo sauti ile nyembamba ikatoka dirishani. Kapinga alikuwa ameamka. Maua yalikuwa yameanza kunata vidoleni, yamekaribia kabisa, wiki moja hivi yangevunwa. Wiki moja, alijiambia. Nikivuna nitamwambia Nkulu kila kitu, anitukane, anipige akitaka. Alimsalimia Ernestine, akageuka. Jioni majani yalikuwa yamelala kwa joto, akayamwagia maji. Aliyamwaga taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

Ardhi haikungoja wiki. Adhuhuri moja alikuwa anamnywesha Kapinga uji, kikombe kikamcheza mkononi. Haukuwa mshindo mkubwa. Ilikuwa kama gunia zito limetupwa chini chumba cha pili. Kisha kelele kwa jirani, na Kabamba, mwenzake Nkulu wa kuchimba, akaruka ua, mwekundu wa udongo tangu nywele hadi miguu.

"Tata! Shimo yako! Fungula, tutapitia kwako! Nkulu eko chini, eko mbele, kwetu kumefunga!"

Tshimanga alitoka na kikombe mkononi.

"Alisema njia yake iko karibu kutoboa kwako," Kabamba alipiga kelele. "Alisema kama kunaanguka nyuma, tutatokea kwa Tata Tshimanga. Fungula!"

Hakumngoja. Alilichana turubai kwa mikono, na nyuma yake wanaume wengine na kamba na koleo, na Ernestine na kanga iliyofunguka nusu. Wote waliingia, wote wakasimama. Mimea ilikuwa imezama upande mmoja, imelaliana. Kabamba alikwenda huku na huku kati ya mistari akipiga teke udongo, akitafuta ubao, mfuniko, kamba, chochote.

"Iko wapi?"

"Hakuna," alisema Tshimanga.

"Ulifukia?"

"Hakuna shimo. Hakukuwa hata siku moja."

Kabamba alimtazama kama anayezungumza na kichaa. Kisha mmoja wao alilala kifudifudi, sikio chini, akainua mkono watu wanyamaze. Wakanyamaza. Ko. Ko. Nkulu alikuwa hai. Alikuwa anagonga, anawaita kwenye mlango alioamini upo.

Walichimba pale pale. Tshimanga alikuwa wa kwanza kupiga magoti. Aliing'oa mimea yake kwa mikono miwili, maua na mizizi, akaitupa nyuma bila kuitazama, akafukua kwa kucha. Lakini udongo ulikuwa uji. Kila walichokitoa kilirudi, kuta za shimo ziliteleza, na maji aliyoyabeba yeye mwenyewe yalikuwa yanatoka pembeni kama jasho. Waliendelea kusikia kugonga kwa muda. Halafu hawakusikia. Hakuna aliyesema kwamba kumekoma, wakazidi tu kuchimba, na jua halijashuka walimtoa Nkulu, mdomo umejaa tope.

Askari walikuja. Waliangalia matope, wakaangalia maiti, wakaandika jina la marehemu, wakaondoka. Majani ya diamba yalikuwa yamekanyagwa chini ya buti zao, na hakuna aliyeyatambua. Jambo lile ambalo Tshimanga aliliogopa usiku na mchana halikumpata hata kidogo, na hilo lilimuuma kuliko pingu.

Ernestine alibaki ameketi kwenye tope, ameshika tawi lililovunjika.

"Hii ni ya Mama Kapinga?"

Tshimanga aliitikia kwa kichwa.

"Mi namuosha kila siku," Ernestine alisema. Hakupaza sauti. "Kila siku, Tata. Ungeniambia tu. Ningenyamaza. Ningemwambia Nkulu, kule hakuna kitu, enda Mutoshi kwa kazi yako." Alilitazama tawi. "Ulituogopa sisi?"

Alikuwa na majibu ya miaka thelathini: kituo, treni, majirani wanaotazama kando. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililofaa kuwekwa mbele ya mwanamke huyu. Tshimanga alitamani ardhi immeze, na ardhi ilikuwa imeshashiba.

Kesho yake Ernestine hakuvuka ua. Tshimanga ndiye aliyechota maji ya moto, akamwogesha mkewe kwa mikono isiyojua pa kushika. Kwa jirani matanga yalikuwa yameanza, na kilio cha wanawake kilipanda na kushuka. Ndipo alipogundua kwamba tangu alfajiri Kapinga hajatoa sauti. Uso wake ulikuwa umelowa jasho, shingo imekaza, na kitambaa cha kitenge alikuwa amekisokomeza mdomoni, amekiuma.

Alikitoa polepole. Meno yake yalikuwa na damu.

"Lia, Mama," alimwambia. "Lia tu."

"Ernestine atasikia," alisema Kapinga, akanyoosha mkono ili arudishiwe kitambaa.