Betri ya Ndege Kwenye Spika za Sikukuu

Jumamosi tarehe tatu Februari mwaka 2018, siku moja baada ya sikukuu ya Bikira wa Candelaria, ndiyo siku aliyokufa mke wangu Nemesia, ndani ya ndege ambayo haikuinuka hata shubiri moja.

Tumbo lilimshika usiku, watu wakicheza. Asubuhi muuguzi wetu Zunilda alimbonyeza upande wa kulia, akaachia, na Nemesia akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake hata wakati wa kuzaa. Zunilda akanivuta nje.

"Ni kidole tumbo, Don Casiano. Kama hakijapasuka, kinakaribia. Afike hospitali ya mji mkubwa, Trinidad, leo, kabla jua halijazama."

Februari kwetu maji yamefunika mbuga zote. Kwa mtumbwi wa injini unalala njiani mara mbili. Kwa ndege unafika hata hujamaliza kusali rozari. Na ndege tunayo, ya mji, ile inayobeba nyama kwenda Trinidad na kurudi na chumvi. Tukambeba Nemesia kwenye bembea yake ya kulalia mpaka uwanjani, tukamlaza nyuma, mahali viti vilipong'olewa ili nyama ipate nafasi. Mvua ilikuwa inanyesha. Rubani wetu, Kapteni Ubaldo, akafungua kile kifuniko cha pembeni, akachungulia, akakirudisha.

"Iko wapi?"

"Iko wapi nini?" nikamuuliza.

"Betri, Don Casiano."

Hakungoja nimjibu, akakimbia kuifuata. Spika bado zilikuwa zinakoroma kule kanisani.

Jenereta ya mji ilikufa Oktoba. Mkuu wetu wa mji, Don Hormando, alisema itashughulikiwa baada ya sikukuu. Sasa ndege yetu ni ya zamani, betri yake ni volti kumi na mbili, sawa na ya gari, na huo ndio mkosi wetu. Ingekuwa ya aina nyingine wasingeigusa. Kila sikukuu betri ya ndege inafunguliwa, inafungwa kwenye spika, Bikira anapigiwa muziki mpaka kunakucha. Mtu atasema hata wewe Casiano ulicheza. Nilicheza. Nemesia naye alicheza mpaka tumbo lilipomkataza. Lakini ufunguo wa ndege haukai mfukoni mwangu, unakaa mfukoni mwa Don Hormando. Na jenereta ndogo ya nyumbani kwake ilikuwa nzima kabisa, inagandisha bia ya wageni.

Miaka mingine, ngoma ikiisha, Ubaldo huipeleka betri yake kwenye banda la ndege. Hufungua milango yote miwili upepo upite, hufungua vizibo, hutazama kila tundu, huongeza yale maji ya betri ya dukani, si ya kisimani, kisha huiacha inywe umeme wa jua polepole siku mbili. Hakuna kuvuta sigara karibu. Tulikuwa tunamtania kwamba anaiatamia. Na siku mbili hizo ndege hairuki, sisi wote tunaomba mtu asiugue. Ndivyo tulivyozoea kuishi.

Safari hii mtu aliugua, na betri ilitoka kwenye spika imeisha umeme. Tukaita Trinidad kwa redio watutumie ndege nyingine. Tukaambiwa hakuna mpaka Jumatatu, marubani wako sikukuu.

"Nipeni betri ya trekta," Ubaldo akasema. "Nitaifunga kwa kamba, nitaondoka nayo."

Trekta ilikuwa imewapeleka wageni wa Don Hormando bandarini, kupitia tope. Akatumwa mtu na farasi kuirudisha. Ndipo Don Hormando akaja mwenyewe, buti mpya, na chaja kubwa ya karakana, na ile jenereta yake ya bia ikibebwa nyuma.

"Trekta ya nini? Hii inajaza betri ya lori mtu anakunywa kahawa."

Akaifunga betri bandani, akapandisha chaja mpaka mwisho, akafunga milango mvua isiingie. Mimi nilisimama kwenye upenyo wa mlango pamoja na wengine. Betri ilianza kutokota kama sufuria.

"Punguza," Ubaldo akamwambia. "Unaipika."

"Mgonjwa anakufa, kapteni, na wewe unataka nipunguze."

"Basi fungua milango. Hewa inayotoka humo inashika moto."

"Mvua itaingia kwenye chaja. Chaja ni yangu."

"Haya. Ila ukitaka kuitoa, zima jenereta kwanza ndipo uvute hivyo vibano. Usivute umeme ukiwa unapita."

"Nilianza kuchaji betri za malori wewe bado unanyonya."

"Sawa, Don Hormando. Ila lori likizimika unashuka unasukuma."

Watu wakacheka. Nadhani kicheko kile ndicho kilichomuuma. Ubaldo akarudi kwenye ndege kusafisha pale nyaya za betri zinapofungwa. Don Hormando hakungoja hata kidogo. Akasema betri imejaa, akashika kibano na kukivuta kwa hasira, jenereta ikinguruma pale nje.

Ulikuwa mlio mmoja mfupi. Sanduku la betri likapasuka, asidi ikaruka ukutani na usoni kwake.

Zunilda alikuwa ndani ya ndege, ameshika mkono wa mke wangu. Aliposikia anaitwa akamwambia, "Mama, nakuja sasa hivi," akaruka chini. Alimmwagia Don Hormando maji machoni, ndoo baada ya ndoo, muda mrefu sana. Wote wanasema ndivyo inavyotakiwa. Mimi niliona mgongo wake tu, nimepanda kukaa na Nemesia, ananiuliza yule muuguzi amekwenda wapi.

Trekta ilirudi jua limeshainama. Ubaldo akaing'oa betri yake, akaifunga nyuma ya ndege kwa kamba za ng'ombe, akaunga nyaya. Pangaboi likagoma, likagoma tena, likashika. Akatazama mawingu.

"Tutafika," akasema. "Kwa shida, lakini tutafika. Ngoja injini ipate moto."

Nilikuwa nimekaa sakafuni, nimeshika mguu wa mke wangu. Ulikuwa baridi na mimi najifanya ni mvua. Akafumbua macho.

"Casiano, waambie wazime huo muziki. Watu wanataka kulala."

"Si muziki, mama. Ni ndege. Tunaondoka."

Macho yakabaki wazi. Ubaldo akageuka kututazama. Akazima injini.

Jumapili asubuhi ndege ilikuja kutoka Trinidad. Ilikuja kumchukua Don Hormando. Marubani walikuwa wamemaliza sikukuu ghafla. Akapelekwa kutibiwa mpaka mji wa Santa Cruz, jicho moja likaokolewa. Baadaye ikaja tume, wakapima ukuta wa banda, wakauliza habari za betri, za chaja, za jicho. Nikawaambia na mke wangu alikufa. Wakasema hilo ni suala la afya, wao wametumwa kwa suala la mali. Betri mpya ilifika kabla sijamfanyia Nemesia misa ya siku tisa.

Jenereta ya mji bado imekufa. Wiki iliyopita tuliitwa ukumbini kupanga Candelaria ijayo: nani atapika chicha, ile pombe yetu ya mahindi, nani atachinja, nani atapanda kufunga spika. Mmoja akauliza umeme. Don Hormando, na lile jicho lake jeupe, akasema, "Kama kawaida." Hakuna aliyeinua kichwa. Nikasimama nikauliza mtu akiugua itakuwaje. Akasema, "Kaa chini, Don Casiano, tunakuelewa uchungu wako, lakini sasa tuko kwenye muziki." Ubaldo alikuwa anatazama kofia yake. Nilimfuata padre, akanishika bega. Nilikwenda mpaka Trinidad, kwenye ofisi ya ile tume, wakaniambia nirudi mwezi ujao.

Kwa hiyo naliandika swali langu hapa, kwa mwandiko wangu huu mbaya, ili asiseme mtu kwamba hakusikia: usiku ule, betri ikiwa kwenye spika, mtu akiugua, mtampeleka na nini?