Betri ya Mashine ya Donatus

Habari ilimkuta Paskazia sokoni Nyahanga: huko Nyarugusu, betri ndogo ya mashine kuukuu imempasukia fundi, ikamtoa jicho. Fundi gani? Hakuna aliyemjua. Mmoja alisema jicho la kushoto, mwingine yote mawili. Paskazia akarudi nyumbani, akalisha kuku, akasonga ugali, na jicho lile likawa linamtazama tu. Maana binti yake, Limi, alikuwa fundi wa mashine hizohizo.

Asubuhi akamfuata kwenye kibanda chake cha ufundi. Limi alikuwa amefungua mashine ya kupimia umeme, nzito kama debe la mahindi, yenye kioo cha kijani. Mwenye nayo, Donatus, mchimbaji wa Nyarugusu, alikaa mlangoni karibu na jiko la chai.

"Shikamoo, mayu," Limi alimwamkia mama yake.

"Marahaba. Hiyo betri yake inapasuka?"

"Ukiichoma, ndiyo. Hii ndiyo inayoitunzia mashine vipimo vyake ikizimwa. Imekufa, kwa hiyo kila ikiwashwa haikumbuki kitu."

Limi aliikata betri mfu, akaizungushia utepe, akaiweka pembeni. Mpya ilikuwa na vimiguu vyake vya bati, ili risasi ya kuunganishia waya, ikiyeyushwa kwa moto, isiguse betri yenyewe. Akainama kuichomea.

Donatus akaiokota ile ya zamani, akaipima kiganjani.

"Nzito hii. Ndani kuna zebaki, ile ya kukamatia dhahabu."

"Hakuna. Iache hapo," Limi alisema bila kuinua kichwa.

Lakini Donatus alikuwa mtu wa mashimoni, na kule mtu hajui alichopata mpaka akichome aone kilichobaki. Akaibandua utepe, akaitia kwenye kijiko, akakiweka juu ya mkaa, taratibu, kama anavyochoma dhahabu yake kila jioni.

Paskazia alikiona kijiko. Alimkamata Limi kola, akamvuta chini ya meza.

Paa!

Makaa yakaruka. Moja likatoboa mgongo wa kiti cha Limi. Donatus alisimama akipuliza vidole, shati linafuka moshi.

"Mama Limi, nilikuwa najaribu tu."

"Kajaribie kwenu! Hapa kuna macho ya mwanangu!"

"Mayu, niachie kola, unaninyonga."

Paskazia hakuiachia mara moja. Alimgeuza uso kwenye mwanga, akatazama jicho moja, kisha la pili. Yote mazima. Ndipo Limi akamalizia kazi, akapanga vipimo, akaizima mashine na kuiwasha tena. Ikakumbuka.

Donatus alipoondoka na mkono uliofungwa kitambaa, Paskazia aliomba kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito. Aliandika polepole, herufi kubwakubwa, akakitundika mlangoni:

Usichome betri, hata iliyokufa.
Usiipasue kutafuta zebaki. Haimo.
Usiitupe kwenye moto wa takataka.
Usiguse betri yenyewe kwa risasi ya moto.
Usichaji isiyo ya kuchajiwa.
Usibandue utepe.
Usimwachie mtoto.
Usikae na jiko humu. Chai kanywe nje.