BSA ya Marehemu Antipasi

Siku ya kumaliza matanga pale Ulemo, baba mdogo Gasto ndiye aliyewahi kufungua mdomo. Pikipiki ya marehemu kaka yake Antipasi, ile BSA ya Mwingereza, iuzwe kwa chuma chakavu; mnunuzi wa Shelui angeifuata Jumamosi. Yasinta, binti wa marehemu, fundi anayetengeneza bodaboda za kijiji kizima, akasema haiuzwi. Watu wakacheka. Gasto akavimba kichwa, akatamka mbele ya ukoo wote:

"Ikiwaka kabla gari la mnunuzi halijafika, ni yako. Isipowaka, usiniambie neno tena."

Haya, kasema mwenyewe, hakuna aliyemshika ulimi. Alijiamini kwa sababu injini ilikuwa vipande. Marehemu angali mgonjwa kitandani, Gasto alileta fundi wake, akaifungua bila kuomba ruhusa, kuifunga kukamshinda, akatupia kila kitu kwenye beseni moja. Yasinta hajamsamehe mpaka leo.

Fundi yule kazoea pikipiki za Kichina. Bolti zikilingana vichwa, kwake ni zilezile. Kwenye ya Mwingereza mbili zinafanana kabisa lakini meno hayapatani, na ukilazimisha umeharibu injini. Yasinta alimwaga bolti zote kwenye ungo, akazichambua kama mchele wenye mawe. Kila moja aliilaza juu ya mwenzake, akaziinua juani. Mwanga ukipenya kati ya meno, hizo si za pamoja. Kazi hiyo ilimla siku mbili. Ringi za pistoni nazo zikagoma kuingia kwenye silinda, akakata bati la kopo la maziwa, akazizungushia na kubana kwa waya mpaka zikatii.

Jumamosi asubuhi uwanja ulijaa. Alipiga kiki, kiki ikarudi kwa nguvu, ikamgonga ugoko hadi machozi yakamtoka. Gasto akacheka, akasema marehemu mwenyewe amekataa. Mguu uliuma, lakini neno lile liliuma zaidi.

Marehemu hakukataa chochote, ni cheche tu iliyoruka kabla ya wakati wake. Yasinta alichomoa plagi, akaingiza kwenye tundu lake spoki ya gurudumu yenye alama aliyoitia baba yake, akaitumia kuweka pistoni mahali cheche inapotakiwa kuruka. Kisha akabana karatasi ya sigara katikati ya pointi, zile ncha mbili zinazokata umeme, akazungusha magneto inayotoa cheche kidogokidogo huku akiivuta karatasi. Karatasi inapoachia, hapo ndipo cheche inaporuka. Baba alimfundisha hivyo tangu yuko darasa la tano. Gari la mnunuzi likasikika likipanda kutoka shuleni, watu wakamwambia afanye haraka. Hakufanya haraka. Alikaza nati ya mwisho, akarudisha plagi, akafuta mikono, akapiga kiki.

Ikawaka, gari likiwa bado halijaingia uwanjani. Ilitoa moshi, ikakohoa, kisha ikatulia na ule mlio mzito ambao kijiji hakikuwa kimeusikia tangu marehemu aanze kuugua.

Mnunuzi akashuka, akaizunguka, akamwambia Gasto kwamba hii si chakavu, wazungumze upya. Jamani, macho ya Gasto yaling'aa! Akasimama katikati ya njia, tayari kupatana bei.

Yasinta akapanda, akatia gia, akasogea hadi gurudumu likakaribia ndala za Gasto.

"Shikamoo, baba mdogo. Naomba njia."

Ukoo wote ulikuwa unamtazama. Gasto akajibu marahaba kwa sauti ndogo, akapisha.