Kutajwa ni Kutajwa

Kazi yangu ni kuhesabu watu wenye akili kunizidi. Ofisi ya tathmini ya chuo imenipa chumba chenye dirisha linalotazama mapipa ya taka, kompyuta inayonguruma kama paka mwenye mafua, na kiti cha mgeni. Wasomi wazima, wenye mvi na miwani, wanakikalia kile kiti kwa uso wa mgonjwa anayesubiri majibu ya damu.

"Nimefika ngapi?" wananiuliza.

Nawaambia. Wapo wanaocheka, wapo wanaonuna, na yupo mmoja aliyenitukania mama, kisha akarudi mchana kuniomba radhi na kuniomba nihesabu upya.

Kipimo chenyewe hakina uchawi. Mtafiti anaandika makala kwenye jarida. Mtafiti mwingine, popote duniani, akiitaja kwenye makala yake, kompyuta inamwekea yule wa kwanza alama. Mwisho wa mwaka najumlisha alama, na jumla ndiyo uzito wako. Ukiandika makala mia na zisitajwe na mtu, wewe ni sifuri yenye maneno mengi.

Sasa, Mungu hakunipa bahati ya kuhesabu wageni tu. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ni mkemia pale pale chuoni. Wanafunzi wanamwita Mama Rudia, kwa sababu mwanafunzi akimletea jibu, hata liwe zuri namna gani, yeye hulitazama na kusema, "Rudia." Kaka anasema hata alipomposa aliambiwa arudie. Mimi na wifi tunataniana tangu siku ya kwanza alipoingia kwetu, na utani wetu si wa kubembelezana. Mimi humwambia anatuharibia nyumba kwa harufu ya maabara, naye hunijibu kwamba harufu ni yetu, yeye kaikuta.

Siku hiyo hakuja na utani. Aliingia ofisini kwangu bila hodi, koti jeupe bado liko mwilini, akafunga mlango.

"Umeiona barua ya mkuu wa kitivo?"

"Nimeiona."

Nani asingeiona? Ilibandikwa hadi kwenye mlango wa choo. Jengo moja la maabara lilikuwa linabomolewa, paa limeoza. Kemia ingebaki na maabara moja ya utafiti na mkuu wake mmoja. Wagombea walikuwa wawili, wifi na mkemia mwenzake tunayemwita Bingwa, na maabara angepewa aliyetajwa zaidi. Atakayekosa angehamia kufundisha mwaka wa kwanza, chaki na ubao, basi. Asingekuwa tena na chupa, wala meza, wala utafiti.

"Nihesabu," akasema.

"Wifi, ninakuhesabu kila mwaka. Unajijua."

"Tuhesabu wote wawili, halafu uniambie usoni."

Nikabonyeza. Kompyuta ikanguruma, ikatoa. Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe, maana mimi ni mwoga wa kumwambia mtu mambo usoni.

"Huyu kanizidi mara tisa?"

"Karibu."

"Kwa makala ipi?"

"Ile ile."

Akacheka. Nikatamani angenitukana.

Hapo inabidi nieleze habari ya Bingwa. Bingwa ni mtu wa kupendwa. Anasalimia wafagizi kwa kuwauliza habari za watoto, anacheka na mwili mzima, na huwezi kumchukia ukiwa karibu naye. Inabidi uende mbali kidogo. Miaka kadhaa nyuma aliandika kwamba amepata njia ya kuunganisha kemikali mbili ngumu bila kutia metali yoyote ya kuchochea. Watengeneza dawa walishangilia, maana metali hizo ni sumu, na kuziondoa kwenye dawa ni kazi ya kumtoa mtu jasho. Jarida kubwa likaichapa. Chuo kikamfanyia tafrija, nikala keki.

Wifi akairudia ile kazi, kwa sababu ndivyo alivyo. Haikwenda. Akarudia tena, ikakataa. Alibadilisha chupa, akabadilisha maji, akabadilisha hata mwanafunzi. Wapi! Akadhani mikono yake imezeeka. Mwishowe alikwenda kwa Bingwa kumwomba vifaa vyake vile vile, na Bingwa, kwa ukarimu wake, akamfungulia droo. Humo wifi akachukua sumaku ya kukorogea, kile kidude cheupe kama kidonge kinachozunguka chini ya chupa. Akakitia. Kazi ikaenda kama imesukumwa.

Wengine wangepiga vigelegele. Yeye akakitoa kidude, akakiweka chini ya darubini. Kilikuwa kimechubuka kwa uzee, na ndani ya michubuko mlikuwa na weusi. Metali, masalia ya kazi za zamani yaliyojificha humo hata baada ya kuoshwa. Ile njia isiyo na metali ilikuwa na metali siku zote, ila hakuna aliyeitia kwa mkono. Akakichemsha kidude kwenye asidi kali, akarudia. Kimya. Akaandika makala kusema hivyo, kwa adabu, bila neno moja baya. Kisha maabara nyingine, nchi moja baada ya nyingine, zikajaribu na kuandika: kweli, ni uchafu tu.

Ungedhani Bingwa angezama. Mimi ndiye niliyekuwa nikiona alama, na nakwambia alipaa. Huwezi kuandika kwamba mtu fulani kakosea bila kumtaja huyo mtu. Kila aliyempinga alimtaja, na kila aliyemtaja alimwongezea. Wifi wangemtaja wakikumbuka, wengi hawakukumbuka. Aliyeumwa na nyoka humtaja nyoka. Aliyemwonyesha shimo la nyoka atamtaja wa nini?

"Kwa hiyo na mimi nilimwongezea," wifi akasema siku ile, kidole kwenye kioo.

"Upo hapa, juu kabisa. Wa kwanza kumpinga."

"Nimejenga nyumba ya mtu kwa mikono yangu." Akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Wifi, sijawahi kukuomba kitu."

"Uliniomba nisikuitie mama mkwe ile sikukuu."

"Nyamaza. Nataka uzigawe. Waliomtaja kwa kumkubali upande huu, waliomtaja kwa kumpinga upande ule. Usiongeze, usipunguze. Gawa tu."

"Hiyo ni kusoma, wifi. Mimi nimeajiriwa kuhesabu."

"Basi soma sehemu walipomtaja. Sentensi moja moja. Hata mtoto wa shule ataona nani kasifiwa na nani kasutwa."

Nilisoma. Kaka alinipikia jioni nyingi huku nikilaani kemia na ukoo wake. Nilipomaliza, upande wa sifa ulikuwa mdogo kama sabuni ya hotelini, na wengi wao waliandika kabla ya wifi kukiona kile kidude. Waliobaki wote walikuwa wanasema hapana. Wengine kwa upole, wengine kwa kejeli. Mmoja aliandika kwamba kapoteza mwanafunzi wa shahada kwa sababu ya njia hii. Kijana alikata tamaa, akaenda kuuza simu. Na hiyo nayo Bingwa aliwekewa alama.

Ukiziondoa zile za kupingwa, wifi alikuwa anamshinda. Si kwa mbali, lakini anamshinda. Nilipomwambia, alinishika bega akaliminya. Yeye si mtu wa kushikashika watu. Kesho yake nilimkuta maabara anapima kwa kamba mahali pa kuweka meza mpya.

Kikao kilifanyika asubuhi, kwenye chumba chenye viti vya magurudumu na jagi la maji ambalo halimiminwi na mtu. Mkuu wa kitivo aliongoza. Ni mzee mpole, sauti yake haipandi wala haishuki, kama lifti iliyokwama. Wagombea waliketi mkabala. Bingwa alimvutia wifi kiti.

Nikasoma jumla. Kisha nikasema kwamba nina mgawanyo pia.

"Mgawanyo wa nini, binti yangu?"

Nikaeleza. Mkuu wa kitivo akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kanuni inasemaje?" akaniuliza.

"Inasema mara ngapi mtu ametajwa, mzee."

"Inasema kwa nini ametajwa?"

"Haisemi."

"Haisemi. Tukianza kuuliza kwa nini, tutamaliza lini? Leo kemia, kesho historia. Huyu katajwa kwa mapenzi, yule kwa wivu. Nani atasoma yote hayo?"

"Nimeshasoma, mzee. Yapo hapa."

"Wewe ni wifi yake," akasema, bila ukali wowote, na hapo nikajua yameisha. Kazi yangu yote ikawa maneno ya ukoo.

Bingwa akainua mkono, anatabasamu. "Jamani, mimi sijifichi. Nilikosea, na Mama Rudia alinionyesha, nikamshukuru mbele ya watu. Lakini oneni, kosa langu limewapa watu kazi dunia nzima! Makosa mangapi yana faida hiyo?"

Wakacheka. Kwa kweli alisema vizuri.

"Basi mwizi apewe ukuu wa polisi," wifi akasema. "Bila yeye, polisi wangekuwa wapi?"

Wakacheka tena, kwa sauti zaidi, na hicho ndicho kilichonichoma. Alisema jambo la kweli, wakalipokea kama mzaha wa chai ya saa nne. Mkuu wa kitivo mwenyewe alifuta chozi la kicheko. Kisha akasema kutajwa ni kutajwa, wakanyoosha mikono, na maabara ikawa ya Bingwa.

Koridoni Bingwa alimshika wifi mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mama, mlango uko wazi. Njoo wakati wowote utumie meza." Alimaanisha. Wifi alimshukuru. Nilitembea naye hadi nje, na kitu pekee alichosema ni kwamba maji ya kwenye jagi yalikuwa na vumbi.

Kabla ya kukabidhi funguo alikuwa amemaliza kazi moja, na hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi baadaye. Bingwa alikuwa na njia nyingine, inayofundishwa sasa vyuo vingi, ya kupasha moto mchanganyiko ndani ya chupa iliyofungwa. Wifi aligundua kwamba ukizidisha kipimo kidogo tu, gesi inajaa na chupa inapasuka. Hakulijua hilo kwa kusoma. Mwanafunzi wake wa kike alipasukiwa, na hadi leo kidole gumba chake hakikunjiki.

Akaandika. Safari hii hakumtaja Bingwa. Aliandika "njia iliyozoeleka", akapeleka kwenye jarida. Mhariri akarudisha na maneno mafupi ya adabu: njia hii ni ya nani? Tafadhali taja chanzo, la sivyo hatuwezi kuchapa.

Jumapili mchana alikuwa jikoni kwao, kompyuta kwenye meza katikati ya vyombo visivyooshwa. Kaka alikuwa anakausha sahani.

"Achana nayo, mke wangu," kaka akasema. "Maabara wamechukua. Na hili uwape bure?"

"Kuna watoto watafunga chupa kesho asubuhi."

"Si watoto wako."

"Yule wa gumba alikuwa wa nani?"

Kaka akaendelea kukausha sahani ambayo ilishakauka. Mimi nikajaribu utani, ndiyo dawa pekee niliyo nayo: "Wifi, mtaje kwa jina bandia. Andika Bwana Mpasuaji." Hakucheka. Alirudi kwenye aya ya kwanza, akaandika jina la Bingwa na jina la makala yake, herufi moja moja, kama anayechonga jiwe la kaburi. Akatuma. Akainuka, akaosha vyombo vyote, na alipomaliza akaosha na vile ambavyo kaka alikuwa ameshavikausha.

Ilichapwa. Siku ilipoingia kwenye kompyuta yangu, wifi alikuwa ametoka kufundisha mwaka wa kwanza, vumbi la chaki kwenye nywele. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu.

"Imefika ngapi?"

"Ya kwako au yake?"

"Yangu naijua. Yake."

Nikamtajia. Akainama, akaitazama ile namba mpya kwa makini, vile anavyotazama jibu la mwanafunzi.

"Umehakikisha?" akaniuliza. "Rudia, wifi. Usije ukamdhulumu mtu jasho lake."

Nikarudia. Ilikuwa sahihi.